Mapafu ya Bi Pasi

Mtaa mzima ulimwita Bi Pasi, maana suruali ikitoka mikononi mwake, mkunjo wake ungeweza kukata mkate. Alikuwa dobi wa suti, zile zisizofuliwa kwa maji bali kwa dawa kali, na hata homa haikuwahi kumfungisha duka. Alipoanza kuhema kwa kupanda ngazi tu, mumewe alimtania, "Siku hizi unatoa mvuke kuliko pasi yako." Akacheka, akakohoa, akaketi.

Zahanati ilisema ni pumu. Hospitali ikasema shinikizo la damu mapafuni, ikampa vidonge vya kutanua mishipa. Hapo ndipo maji yalipozidi unga. Mapafu yalijaa maji, akakimbizwa wodini midomo imebadilika rangi. Wifi yake akaangua kilio.

"Nyamaza, wifi, sijafa," akanong'ona chini ya barakoa ya oksijeni. "Niitie daktari aniambie kwa nini dawa yake imenigeuka."

Daktari wa mapafu alikuja na picha za skani. "Tazama, mama. Hii mistari myembamba, haya mawingu kama ukungu kwenye kioo, na hizi tezi zilizovimba. Ukiongeza na dawa kukukataa, nashuku mishipa midogo inayorudisha damu kwenye moyo imeziba. Sisi tulifungua mlango wa kuingilia, kumbe wa kutokea umefungwa. Ni ugonjwa adimu sana."

"Basi nikateni kipande cha pafu mkakipime."

"Tukikukata utavuja damu, tukupoteze."

"Tiba ni nini?"

"Kupandikizwa mapafu mengine. Ukidumu mpaka yapatikane."

"Nitadumu."

Kusema ni rahisi. Aliporudishwa nyumbani, duka akamwachia wifi, kitanda kikashushwa sebuleni, na kila asubuhi alitembea ukumbini akiburuta mtungi wa oksijeni na kuutukana kama mbuzi mkaidi. Siku nyingine alifika mlangoni tu. Kesho yake alianza tena.

Mapafu yakapatikana, akapasuliwa, akaamka. Yale ya zamani yalipelekwa maabara, naye akang'ang'ania kuonyeshwa. Kwenye hadubini, daktari alimwelekeza: mishipa midogo imejaa kovu, damu ilibaki na kijitundu tu, na nyuma yake vishipa vyembamba zaidi vimevimba na kurundikana.

Alitazama kwa muda mrefu. "Kumbe hawa ndio niliokuwa nikishindana nao," akasema. "Wadogo hivi!"

Siku ya kuruhusiwa, mumewe alileta kiti cha magurudumu. Bi Pasi akaweka mkoba wake juu ya kiti, akamshika mume mkono, akatembea hadi getini, akipumzika kwenye kila benchi.