Uvundo wa Baiskeli ya Mwalimu

Miezi michache iliyopita binti ya mwalimu wangu wa zamani alisimamisha pikapu mlangoni kwangu, hapa mtaani Obunga, akashusha kitu kilichofungwa kwa gunia. Kabla sijakiona, harufu yake ilinifikia: samaki waliooza, kinyesi cha kuku na mkojo wa panya, vimekolea pamoja hadi macho yakaniwasha.

"Ni ya Baba," akasema, ameziba pua kwa leso. "Alipohamia kwangu aliwaachia binamu zangu kule kijijini Katito. Nisaidie, aione kabla macho hayajamwisha kabisa."

Kazi yangu ni ya umeme. Baiskeli kuukuu nazifufua Jumamosi kwa mapenzi tu. Hii sikuhitaji kuambiwa ni ipi.

Kama hukukulia Katito, rafiki yangu, huwezi kujua ilikuwa nini kwetu. Baiskeli nyingine zote zilikuwa nyeusi na nzito, za kubebea magunia ya mahindi. Ya mwalimu ilikuwa ya mbio, nyembamba, ya samawati, usukani umejikunja kama pembe za kondoo. Asubuhi nyanya akikoroga uji wa wimbi, nami nikifagia uwanja, tulisikia cheni yake ikipita barabarani, laini kama manyunyu juu ya bati. "Huyo amepita," nyanya angesema, "na wewe bado umeshika ufagio!" Siku malaria iliponizidi darasani, mwalimu alinipakia kwenye chuma cha mbele, akanikumbatia kwa mkono mmoja, akaniendesha hadi zahanati. Nilikuwa natetemeka, lakini nakumbuka nilitamani zahanati iwe mbali zaidi.

Sasa itazame. Hao binamu walikuwa wameipaka rangi ya geti, kijani kibichi, juu ya matope yenyewe. Wakaichomelea vyuma vya kubebea makreti ya samaki, na ilipowachosha wakaitupa kwenye banda la kuku. Nilipochomoa kiti, mende walimiminika kutoka ndani ya bomba wakanipanda mikononi. Nilitapika ukutani. Grisi ilikuwa uji mweusi wenye magamba na manyoya. Niliosha mikono kwa mafuta ya taa, kisha sabuni, na bado ugali wa usiku huo ulininukia banda.

Nilimpigia simu mmoja wao, mtu mzima ambaye mwalimu alimsomesha. Akacheka. "Si ni chuma tu, bwana?" Nilikata simu. Yeye alinichefua kuliko mende.

Nilikwangua, nikapiga msasa, wiki baada ya wiki, hadi samawati ikachungulia. Nilipompelekea mwalimu, aliipapasa kutoka usukani hadi gurudumu la nyuma, akainua pedeli na kuzungusha, kichwa ameinamisha akisikiliza cheni. Machozi yakamtoka.

"Nyathina," akaniita kwa lugha ya kwetu, "mwanangu, twende tukaioshe ziwani. Mimi niliiosha ziwani kila Jumamosi."

Sikuwa na moyo wa kumkatalia. Tuliteremka ufukweni, yeye ameshika usukani, mimi nimemshika kiwiko. Maji yalikuwa ya kijani, mazito, yamebeba nepi na chupa za plastiki. Magugu yalikuwa yakiozea ukingoni, na mtaro kutoka mjini ukimwaga uchafu wake papo hapo miguuni petu. Mwalimu alisimama ghafla, akainua pua.

"Umenileta kwenye choo cha nani?"

"Ni ziwa, Mwalimu."

Aliivuta baiskeli nyuma kwa mikono yote miwili, akatema mate. "Isiguse haya maji. Turudi."

Tuliiosha uani kwa binti yake, kwa maji ya mtungi. Mwalimu alisugua spoki moja moja, uso umekunjamana.

Jioni niliwasimulia wanangu kwamba sisi utotoni, baada ya kuogelea, tuliyanywa maji ya ziwa lile kwa viganja, baridi na matamu. Mdogo alisukuma sahani yake kando.

"Baba, tafadhali," akasema, "tunakula."