Sentensi Kumi za Kweli

Wapo watu ambao Kiingereza chao kinanukia sabuni nzuri. Changu kinanuka ndagala, wale dagaa wadogo wa ziwani. Mke wa Mwalimu Musafiri alikuwa akiwauza, na magunia yao yalikaa chumba kilekile tulichosomea, kule Carama, mtaa wa pembezoni mwa Bujumbura, watoto wanne juu ya mkeka mmoja. Hadi leo nikipita penye ndagala sokoni, saa, siku na miezi huanza kujipanga kichwani, nami nachoka kabla sijanunua kitu.

Mwalimu alikuwa mkimbizi kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, Kongo. Mama alinipeleka kwake kwa sababu dada yake Mama aliyekuwa Nairobi aliahidi kunipokea, nikasome mbali na risasi, na huko, alisema, Kifaransa chetu kisingenisaidia hata kununua chumvi. Basi nikaanza. Saa hupewa at, siku hupewa on, mwezi hupewa in. Mwalimu aliyasema hayo macho yakiwa nusu yamefumbwa. Miaka ile ya vita hakuna aliyekuwa analala vizuri. Kila jioni yeye na familia yake walibeba mikeka kwenda kujibanza kwenye baraza za watu Mutanga Nord, mtaa uliokuwa salama zaidi, alfajiri wakarudi kwa miguu. Siku moja alisinzia katikati ya sentensi, chaki ikiwa bado ubaoni. Tulikaa kimya kwa heshima, au tuseme ili asiamke akatuuliza maswali.

Kitabu chake cha zamani kilijaa treni. Treni inafika saa fulani, treni inaondoka siku fulani, na Bujumbura haina treni. Mwalimu alikifunga.

« Muandike yenye munaona na macho yenu, » alisema. « Sitaki bongo mu kaye. » Yaani hakutaka uongo kwenye daftari.

Nami nilikuwa mtoto wa kutii na wa kupenda sifa. Dirisha letu la nyumbani lilitazama daraja dogo ambapo askari walikuwa na kituo chao, kwa hiyo nikaandika sentensi kumi kuhusu askari. Wanabadilishana zamu saa kumi na mbili asubuhi. Lori lao linakuja Jumanne. Masanduku yao yako nyuma ya shule. Kila saa niliipa at yake, kila siku on yake. Mwalimu alipitisha kalamu nyekundu, akapiga miayo, akanipa kumi juu ya kumi. Usiku ule nililala na daftari langu kifuani.

Wiki hiyohiyo askari walikuja kusaka waasi na wapelelezi wao nyumba kwa nyumba, wakatukuta darasani. Mmoja wao, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi kama sisi sote, alimwaga ndagala sakafuni, hakupata kitu, akaokota daftari langu. Kumbe alijua Kiingereza kidogo. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, kisha akaanza tena kutoka juu.

« Nani aliandika hii? »

Niwaambieni ukweli, nilifikiri anataka kunisifu. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo.

« Ni mi, chef, » Mwalimu akasema, akisimama. « Ni dikte. Batoto banaandika tu yenye mi ninasema. »

Wakamchukua bila viatu.

Mnajua nilichohisi? Hasira. Mwalimu alikuwa ameniibia sentensi zangu! Nilifika nyumbani nikilia, nikamweleza Mama kwamba zote kumi zilikuwa zangu, kisha nikageuka nitoke uani niwaambie na majirani. Mama alinivuta ndani, akanizaba kofi la mdomo, la kwanza na la mwisho maishani mwangu.

« Nyamaza! Ukisema hivyo tena, tunakufa siye bote. »

Halafu akakaa chini, akalia kuliko mimi.

Mwalimu alirudi baada ya siku kumi na moja. Mama alinituma nimpelekee maharagwe. Nilimkuta ameketi mlangoni, mkono wa kulia umefungwa kitambaa, na sahani ikapokewa na mkewe. Nilisubiri mke aingie ndani, kwa maana jambo lile lilikuwa bado linanikereketa.

« Mwalimu, » nikanong'ona, « zile phrase zilikuwa zangu. »

« Najua, mutoto wangu. Na zote zilikuwa juste, kumi juu ya kumi. »

Nikakimbia nyumbani kwa furaha.

Mwaka uliofuata nilikwenda Nairobi. Familia ya Mwalimu ilihama, na hakuna aliyejua ilikoelekea. Nilikuwa tayari mama wa watoto, jioni moja nikisahihisha kazi ya binti yangu, nimechoka hoi, kalamu ikipita tu juu ya mistari bila kuisoma, ndipo yakanijia yote. Mwalimu naye alikuwa amepitisha kalamu hivyohivyo. Na askari yule kijana alipouliza, Mwalimu aliona kwamba nitajibu, na kwamba jibu langu litawapeleka askari hadi kwenye dirisha letu, hadi kwa Mama. Mtu aliyekuwa akisinzia amesimama, siku ile aliwahi kuliko mimi. Nami nilimpelekea maharagwe, nikadai alama zangu, nikaondoka bila kumwambia asante.