Upatu wa Moto Timbwani

Nyuma ya nyumba zetu kule Timbwani pana shamba kubwa lisilolimwa. Mwenyewe alishakufa na warithi wake hawajaelewana. Masika yakipita, nyasi humea zikamfika mtu kifuani, na kaskazi ikianza kuvuma hukauka zote. Hapo mtu mmoja akichoma taka zake uani, upepo hubeba cheche, na sote twatoka mbio. Mwaka juzi moto ulikula jiko la makuti la jirani yangu pamoja na kuku waliokuwa wakiatamia humo. Gari la zimamoto hutoka mjini kisiwani, ng'ambo ya maji, na sharti livuke kwa feri, na moto hausubiri foleni.

Mimi nilikuwa katibu wa chama chetu cha kina mama, cheo nilichopewa kwa sababu cherehani yangu iko barazani, hivyo napatikana wakati wote. Binti wa mmoja wetu ndiye aliyetuambia kwamba kuna shirika linatoa ruzuku kwa jamii zinazotaka kujikinga na moto wa nyika. Mwenyekiti wetu, bibi mjane wa ukoo wa zamani ambaye hata chumvi huiagiza kwa heshima, akaniita tuandike maombi. Fomu ilitaka kujua jamii yetu inahusiana vipi na msitu ulio karibu, nasi msitu wetu ni lile shamba.

"Andika," akasema, "twaishi nao kama mke mwenza. Hatukumtaka, hatumpendi, na tukimkasirisha atachoma nyumba."

Niliandika kwa adabu zaidi, ingawa hadi leo naona maneno yake yalikuwa bora.

Ruzuku ikatoka. Tukanunua mapanga, reki, mapipa ya maji na magunia, tukafyeka ukanda mpana baina ya shamba na nyumba, usibaki hata unyasi. Mikono yangu iliyozoea sindano ilitoka malengelenge. Mwenyekiti alisimamia kazi chini ya mwavuli, akimwonyesha kila mtu alipoacha. Lakini masharti yalitaka pia tufanye zoezi: ipigwe ishara, watu wakusanyike na ndoo zao, na afisa wa shirika aje aone.

Ishara ndiyo iliyotuponza. Mwenyekiti alikataa king'ora, akisema kitawashtua wagonjwa. Badala yake akatoa upatu wa nyumbani kwao, ile sinia ya shaba inayopigwa harusini, kwa kuwa sauti yake yafika mpaka barabarani. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria mbele.

Siku ya zoezi, baada ya sala ya alasiri, tukawasha kifungu kidogo cha nyasi katikati ya ukanda ili pawe na moshi. Afisa, binti mpole aliyetoka mjini na viatu vyeupe, akasimama kando na simu yake tayari kupiga picha. Mwenyekiti akaupiga upatu.

Watu wakaja, wallahi walikuja. Walikuja wamejifunga leso mpya, wengine na manukato, na mama mmoja na sinia ya mahamri kichwani. Ndoo sikuona hata moja. Wakapiga vigelegele, wakauliza bibi harusi ni nani. Nikawaeleza kwamba hili ni zoezi la moto, na yule wa mahamri akanijibu kwa huzuni kwamba hata kama posa ni ya siri, si vizuri kuwaficha majirani. Punde wakawa wameuzunguka ule moto wetu mdogo, wanacheza.

Sasa, palikuwa na jirani mmoja, mtu wa bara, dereva wa malori ya makontena pale bandarini Kipevu. Siku hiyo alikuwa amelala baada ya safari ndefu. Hakuzijua harusi zetu wala upatu. Alipochungulia dirishani aliona moshi, na watu wanaruka na kupiga mayowe. Akanyakua mtungi wa kuzimia moto wa lori lake, akaja mbio kifua wazi, akaufyatua. Unga mweupe ukatufunika sote, mabuibui, mahamri na viatu vya afisa, ingawa vyenyewe havikuonyesha tofauti.

Dereva akaushusha mtungi.

"Samahanini mama zangu," akasema. "Niliona moto."

Mwenyekiti akajipangusa uso kwa ncha ya mtandio wake. "Huyu peke yake," akasema, "ndiye aliyekuja kwenye zoezi."

Tulicheka hadi wengine wakakaa chini. Afisa aliandika kwamba watu walijitokeza kupita matarajio, akatushauri jambo moja tu, tubadilishe ishara. Tukachagua debe tupu. Dereva tukamfanya mkuu wa zimamoto wa mtaa, naye akatufundisha kulowesha magunia na kuupiga moto chini kwenye shina lake.

Kaskazi ile ile, adhuhuri moja, nilikuwa nashona sare ya shule niliposikia debe. Dereva alikuwa safarini. Tulitoka na magunia yaliyolowa. Moto ulikuja ukinguruma, ukafika ukingoni mwa ukanda, ukatafuta cha kula ukakosa. Cheche zilizoruka zilimkuta jirani yangu yuko juu ya ngazi, anayamwagia maji makuti yake mapya huku akiwatukana warithi na upepo. Nyuma yetu mwenyekiti alikuwa akitaja nani anazembea. Hakuna nyumba iliyoungua. Moto ulipozimika tulikaa palepale chini, weusi kwa masizi, nikajikuta nacheka na kulia pamoja.

Dereva aliporudi alinuna kwa kuukosa moto. Akaukagua ule ukingo ulioungua kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akaja barazani kwangu akitaka kuelezwa yote. Tulikuwapo karibu chama kizima. Kila mmoja alikuwa na moto wake wa kusimulia, na kila moto ulikuwa mkubwa kuliko wa aliyetangulia. Alisikiliza hadi magharibi, chai imempoa mkononi.