Sale la Chini ya Usukani

Watakaosema nilikuwa nimelewa mbege, waacheni waseme. Siku ile tumboni mwangu mlikuwa na chai tupu, na niliyoyaona niliyaona kwa macho haya haya.

Ni miaka ile Hiace zilipoanza kuzagaa Moshi. Basi la baba, lile la pua ndefu na bodi ya mbao, lilikuwa limelala kihambani, shambani kwetu Marangu, kati ya migomba, kuku wanataga ndani. Ndilo lililoshusha kahawa, wanafunzi na wagonjwa wa kijiji kizima. Wanakijiji wakaomba tulifufue, tulifanyie sherehe. Mimi ni fundi bodi, gereji yangu iko Shirimatunda, kule chini mjini, basi nikalivuta hadi huko. Nilitaka kitu kimoja tu: baba, aliyekuwa sasa mzee wa mkongojo, apande tena basi lake.

Nikakwangua kutu, nikabadili mbao, nikapiga rangi ya bluu kama ya zamani. Chini ya usukani nikakuta jani refu kavu limefungwa kwa kamba ya mgomba. Uchafu gani tena huu? Nikalitupa motoni pamoja na viti vibovu.

Siku ya sherehe nilipandisha mlima peke yangu. Nilipokaribia nyumbani ukungu ukashuka, mchana kweupe. Kwenye kona ya chini ya kwetu alikuwepo mama mmoja, mtoto mgongoni, ananyoosha mkono. Nikasimama. Ningempitaje mtu na mtoto?

"Shikamoo, mama. Panda tu, leo ni bure."

Alipanda, akainama, akachungulia chini ya usukani.

"Sale langu liko wapi?"

Kumbe lile jani kavu lilikuwa sale. Nikamwambia nilidhani ni takataka, nimelichoma.

"Basi mwambie baba yako nimerudi kusimama barabarani."

Alisema kwa upole, na upole ule ndio unaonitesa. Nikageuka kutia gia. Nilipomtazama tena, mlango umefungwa na mama hayupo. Kwenye mbao zangu mpya palikuwa na maji, yanachuruzika. Nje hata tone la mvua halikuwepo, niamini.

Baba alikuwa ananisubiri mlangoni, amevaa koti lake la kanisani. Nilipomsimulia alikaa chini, palepale nyasini.

Akanieleza. Zamani, siku ya mvua kubwa, basi likiwa limejaa, alimpita mama yule na mtoto mgonjwa. Mtoto akafa. Baba akampelekea jani la sale, na sisi Wachagga mtu akikuletea sale kuomba radhi, humkatalii. Mama alimsamehe. Akaja mwenyewe kulifunga chini ya usukani, akasema likae humo maisha yote ya basi.

"Na yeye tulishamzika, mwanangu," baba akasema. "Sasa nitamwomba nani?"

Kijiji kililishangilia basi lile. Baba hakulipanda. Tangu hapo kila iliponyesha mvua alichuma sale bichi, akajikongoja hadi kwenye kona, akasimama, akarudi nalo mkononi. Hivyo hivyo hadi alipofariki.

Wewe unayekarabati vitu vya wazee, ukikuta kilichofungwa, usikifungue kabla hujauliza. Mimi baba yangu alikuwepo, akili timamu, kila Jumapili tunakunywa chai pamoja. Sikumuuliza.