Dimoni Katika Saiba ya Bahati

Juzi nikiwa kwenye foleni ya saiba, duka la intaneti hapa mtaani Bahati, kompyuta ilinguruma na kukwama mama mmoja alipokuwa akituma ombi la kazi la bintiye, siku ya mwisho kabisa. Mdogo wangu wa kike, anayehudumu pale, akatazama skrini.

"Ni dimoni ya kusasisha mfumo wa Linux. Imekula nguvu zote za prosesa."

"Ashindwe!" mama akakemea, kiganja juu ya kompyuta.

"Mathe, si pepo. Dimoni ni jina tu la programu ya chinichini. Naisimamisha, ukishatuma nitairudisha, ina kazi yake."

Akaandika amri moja. Ngurumo ikatulia, ombi likaenda.

"Huyu msichana ni wa nani?" mama akauliza foleni nzima kwa furaha, akimwonyesha mdogo wangu.

Mimi huona haya mbele ya watu, lakini "Ni wetu!" yangu ilisikika hadi barabarani.