Kibao Juu ya Mlango

Kila asubuhi, kabla hajafungua baa, Glenys Tunnicliffe hutoa kreti tupu ya bia, huipindua mbele ya mlango, hupanda juu yake na kufuta kibao. Ni kibao chembamba cha mbao nyeusi chenye maandishi ya rangi ya dhahabu, kimefungwa juu kabisa ya mlango, mahali ambapo wapita njia hawana habari napo. Hukifuta kwanza kwa kitambaa chenye maji, kutoka mwanzo mpaka mwisho, kisha hukirudia kwa kitambaa kikavu. Akimaliza hushuka, huirudisha kreti ndani, na ndipo mlango hufunguliwa.

Kila baa hapa Burton, mji wetu wa bia huku Uingereza, ina kibao cha namna hiyo. Ndicho kinachosema nani ameruhusiwa kuuza pombe humo ndani. Kwa zaidi ya miaka ishirini, kibao cha baa ya mtaa wetu, Nyundo na Pipa, kilisema ni Wilfred Orme, na kwa miaka yote hiyo aliyekifuta alikuwa Glenys, mhudumu wake. Sisi wa mtaa ule tulimwona pale juu ya kreti tukienda kazini au shuleni. Wengine walisema huo ndio uaminifu. Wengine walisema usafi nao ukizidi ni ugonjwa.

Glenys alizaliwa kwenye mtaa huohuo. Baba yake alikuwa fundi wa mapipa, na mumewe, Ken, aliendesha lori la kusambaza mapipa hayo. Ken alipokufa angali kijana, Wilf Orme alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Jumatatu iliyofuata alikwenda kugonga mlango wa mjane. "Ukikaa humu ndani utaoza," alimwambia. "Njoo uoshe glasi." Glenys akaenda. Baada ya glasi akafundishwa pampu ya kuvutia bia, na baada ya pampu akafundishwa mapipa yenyewe, kule chini kwenye ubaridi wa ghala. Wema ule wa Wilf hakuusahau, na hapo ndipo tabu yake ilipoanzia.

Kisha ukaja mwaka ambao nyonga ya Wilf ilikataa ngazi za kupanda kwao, juu ya baa. Yeye na mkewe, Beryl, wakanunua nyumba isiyo na ghorofa ng'ambo ya mto Trent, na kampuni ya bia, ambayo ndiyo yenye jengo, ikamtuma Bwana Hallam kutafuta mtu wa kuishika baa. Bwana Hallam alikuwa na mtu na mkewe kutoka Derby, wenye uzoefu na mipango. Glenys alipomwambia kwamba na yeye anaitaka, bwana huyo alimgeukia Wilf kana kwamba anauliza bei ya farasi.

"Glenys?" Wilf alisema, na Glenys alikuwa amesimama palepale. "Hakuna mchapakazi kama yeye. Ila kuishika nyumba ya bia, hapana. Huyu hajui kumkatalia mtu. Paka akija na kiu atampa painti."

Watu wakacheka. Glenys naye akacheka kidogo, akaendelea kupangusa kaunta.

Bwana Hallam hakuwa mtu mbaya. Alimpa Glenys kiangazi kizima aishike baa, jina la Wilf likiwa bado juu ya mlango. "Bia najua unaiweza," alimwambia. "Nitakuja Jumapili mojawapo, sitakwambia ipi. Ninachotaka kuona ni kitu kimoja tu: hapa mwenye nyumba ni nani."

Ingekuwa rahisi kama Wilf angestaafu kweli. Lakini kila siku, mlango ukifunguliwa tu, aliingia na mkongojo wake, akainua ule ubao wa mwisho wa kaunta unaopitisha wahudumu, akaingia nyuma. Alijimiminia bia yake mwenyewe katika kikombe chake cha bati. Aliwamiminia na rafiki zake. Alibadilisha stesheni ya redio. Wateja wakazoea kuagiza kwake, na yeye akazoea kupaza sauti: "Glenys, pipa hili limekwisha! Glenys, viko wapi vitambaa?"

"Bosi yupi leo?" Clive Gaunt alikuwa akiuliza kila akiingia. Clive ni nahodha wa timu ya dhumna, mtu mwenye mdomo kuliko wote tulionao. "Dada Glenys, simama wima, mwenye nyumba kaja."

"Cheza dhumna yako, Clive."

"Nacheza. Ila nauliza tu, nani wa kumwomba likizo?"

Glenys alijaribu kwa njia zake. Alinunua kiti kirefu chenye mto, akakiweka upande wa wateja, karibu na jiko la makaa, akamwambia Wilf kwamba ni kizuri kwa nyonga. Wilf alikisifu sana, akakiwekea kofia yake, akaingia nyuma ya kaunta. Siku nyingine Glenys alikitoa kile kikombe cha bati kwenye msumari wa ndani, akakitundika kwenye misumari ya nje pamoja na vikombe vya wateja wengine.

"Nani kasogeza kikombe changu?" Wilf aliuliza.

"Mimi."

"Kwa nini?"

Wateja waligeuka. Glenys alichukua kitambaa. "Nilikuwa nafuta vumbi, mzee," alisema, na akakirudisha ndani kwa mkono wake mwenyewe.

Clive hakutania siku ile. Aliziangalia dhumna zake tu.

Jumapili ile ilikuwa katika siku za mwisho za Agosti. Jumapili mchana ndio wakati wa Nyundo na Pipa: watu wametoka kanisani au kitandani, nyama ziko kwenye majiko ya majumbani, na Glenys huweka juu ya kaunta mabakuli ya viazi vya kuokwa, vimekolea chumvi, kila mtu ale bure huku akisubiri chakula cha kwao. Nilikuwa kwenye chumba kidogo cha pembeni, ambacho kimetengwa na baa kwa kioo tu, na kutoka pale naona kila kitu.

Pipa moja lilikuwa bado. Glenys alikuwa amelifungua Jumamosi jioni, na bia ya pipa huhitaji kutulia mpaka mashapo yashuke chini. Mpaka wakati huo haiuzwi. Ili kila mtu ajue, alikuwa amekigeuza kile kibandiko cha jina la bia kwenye pampu, kikatazama nyuma. Mtu yeyote wa Burton akiona kibandiko kimegeuka hagusi.

Glenys alikwenda jikoni kuchukua viazi. Ndipo Bwana Hallam alipoingia, amevaa nguo za Jumapili, na nyuma yake mtu na mkewe kutoka Derby. Wakasimama karibu na mlango kama watu wanaoangalia nyumba ya kununua. Na ndivyo ilivyokuwa.

Nyuma ya kaunta alikuwepo Wilf. Alikuwa amekigeuza kibandiko mbele, na anavuta pampu.

"Mzee, ile bado," alisema mmoja wa wachezaji dhumna.

"Bado kwa nani?" Wilf alijibu. "Katika nyumba yangu bia iko tayari nikisema iko tayari." Akamsukumia Clive painti.

Clive aliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa na ukungu kama maji ya bwawa lililopitiwa na ng'ombe. "Mzee Wilf," alisema polepole, "humu kuna samaki?"

"Ni safi! Mimi naona safi!"

Nadhani ndipo wengi wetu tulipoelewa kwamba macho yake nayo hayakuwa ya zamani. Hakuna aliyecheka. Hapo Glenys alitokea jikoni, bakuli la viazi mikononi. Aliiona painti. Alikiona kibandiko. Alimwona Bwana Hallam mlangoni na wale wageni wake. Nilimwona akiyaona yote matatu kwa mfululizo, na nikajiambia, leo basi, imekwisha.

Aliweka bakuli chini. Aliichukua painti mkononi mwa Clive, akaimwaga kwenye sinki, yote, bila haraka. Akakigeuza kibandiko kikatazama nyuma. Kisha akasema, kwa sauti yake ileile ndogo:

"Mzee Wilf, toka upande huu."

"Unasemaje?"

"Huku ni kwa wanaofanya kazi. Kiti chako kiko kule."

Wilf alijinyoosha kadiri nyonga ilivyomruhusu. "Unajua unaongea na nani?"

"Najua. Naongea na mtu aliyenifundisha kwamba nyuma ya kaunta haingii mtu bila kuitwa. Sijakuita."

"Na nisipotoka?"

"Basi nimekufukuza baa hii mpaka Krismasi." Glenys alichukua taulo akajifuta mikono. "Utakuwa unashinda nyumbani na Beryl, kila mchana."

Kutoka kwenye benchi la dirishani Beryl aliruka kama aliyemwagiwa maji. "Mama yangu! Glenys, mimi nimekukosea nini?"

Hapo ndipo baa nzima ilipopasuka. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, na mtu alipaliwa na kiazi ikabidi apigwe mgongoni. Wilf peke yake hakucheka. Alimtazama Glenys muda mrefu, na Glenys alimtazama vilevile, hakuinamisha uso, huku akiendelea kufuta mikono iliyokwisha kukauka.

Kisha Wilf alichukua mkongojo wake. Alitembea mpaka mwisho wa kaunta, akapita, na Glenys akamfuata nyuma akaushusha ule ubao. Ukatoa mlio wake. Wilf alikwenda kwenye kiti chenye mto, akaiondoa kofia yake mwenyewe, akakaa. Glenys alikitoa kile kikombe cha bati ndani, akasimama mbele yake, kaunta ikiwa katikati yao.

"Ndiyo, bwana," alimwuliza, kama anavyomwuliza mtu yeyote. "Nikupe nini?"

Wilf aliziangalia pampu. "Painti moja," alisema. "Ya lile pipa lililo tayari."

Akatia mkono mfukoni, akalipa. Clive Gaunt alisimama, akaivua kofia yake, akaiweka kifuani kama mtu aliyeona jeneza la mfalme likipita. "Nimeishi kuona Wilf Orme ananunua bia," alisema. "Sasa hata nikifa leo, sawa."

"Kaa chini, Clive," Wilf na Glenys walisema kwa pamoja.

Wilf aliionja bia. Bia yetu, ikitoka pipani, hutoa harufu kidogo ya kiberiti kilichowashwa, na asiyeijua huiogopa. Wilf aliivuta harufu ile kwa pua, akanywa, akafuta mdomo. Alimgeukia Bwana Hallam pale mlangoni akasema kwa sauti ya kufika kila kona: "Nilikwambia huyu hajui kumkatalia mtu. Nilikosea. Andika hivyo."

Mwanamke wa Derby alimshika mumewe mkono. "Twende zetu," alisema, lakini bila hasira. "Hii nyumba ina mwenyewe." Akachukua kiazi njiani.

Bwana Hallam alikuja mpaka kwenye kaunta, wachezaji dhumna wakampisha. "Bi Glenys," alisema, "niandikie jina lako lote, kwa herufi kubwa. Fundi wa vibao nisingependa akosee."

Kelele iliyofuata sijawahi kuisikia tena humo ndani. Walipiga meza kwa viganja mpaka dhumna zikaruka na kuanguka sakafuni, na mchezo ambao timu ya Clive ilikuwa inashindwa ukafutwa, jambo ambalo Clive analitaja mpaka leo kama ushindi. Beryl alilia. Viazi viliisha. Nyama ya nani haikuungua mtaani kwetu mchana ule?

Fundi alikuja mwishoni mwa Septemba. Kile cha zamani kilifunguliwa skrubu, na Wilf, aliyekuwa amesimama kwenye njia ya waenda kwa miguu akitoa maelekezo ambayo hakuombwa, alikipokea akakiweka kwapani. Fundi alikuwa na kibao kipya kilichopakwa rangi nyeusi, urefu uleule, kwa sababu nafasi juu ya mlango ni ileile. Alilisoma jina kwenye karatasi, akalitazama tena.

"Mama, jina lako refu," alisema. "Huyu wa kwanza alikuwa na Orme tu. Hili halitaenea kwa herufi hizi."

"Litaenea," Glenys alisema.

"Hata sijapima."

"Anzia karibu na bawaba, ubane kidogo hapo katikati penye herufi mbili zinazofanana. Litaenea."

Fundi akapima, akaguna, akaanza kazi. Likaenea, toka mwanzo hadi mwisho wa kibao, na nafasi ya kidole kila upande.

Kesho yake nilipita mapema. Alikuwa juu ya kreti, kitambaa mkononi, anafuta jina ambalo lilikuwa halijapata vumbi. Nilisimama. Kwa miaka yote ya kumpita pale sijawahi kumwuliza kitu zaidi ya hali, na siku ile nilimwuliza: miaka yote hiyo, akifuta jina la mtu mwingine kila asubuhi, alikuwa anawaza nini?

Hakugeuka. Alimalizia herufi ya mwisho.

"Nilikuwa napima, mwanangu," alisema, "kama langu litaenea."