Mtama wa Kadiri ya Sauti Yangu

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, mwanangu wa mwisho alipokwenda Mererani kutafuta mawe ya thamani, nilibaki peke yangu kijijini Sepuka. Mume wangu alikuwa ameshafariki. Nilikuwa na redio, na betri nilizozianika juani zipate nguvu.

Kabla ya msimu bwana shamba alituita uwanja wa shule, akatusomea utabiri wa hali ya hewa wa kanda yetu: mvua zitachelewa, zitakuwa chini ya wastani, na Februari jua litakaa muda mrefu. Tuache mahindi, tupande mtama. Redio nayo ilisema hivyo hivyo, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kumbishia. Nilikuwa na swali tu.

"Na ndege je, bwana shamba? Utabiri umesema nani atawafukuza?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka, nampa haki yake. Alikunja karatasi akasema, "Mama, hapo karatasi yangu inaishia."

Kwelea kwelea, wale ndege wadogo wa makundi, mahindi hawayashughulikii. Mtama unataka watu, tangu punje zikiwa na maziwa hadi siku ya kukata. Zamani kila pembe ya shamba letu ilikuwa na mtoto wake wa kupiga kelele. Sasa pembe zote zilikuwa zangu, na nikikosea mbegu nitalala njaa mpaka mavuno mengine. Nikapata akili, kama ilikuwa akili: nikapanda mtama pale tu ambapo sauti yangu ingeweza kuwatisha ndege. Kwingine mahindi.

Jirani yangu alinikuta nikisimama na kuita, nikisimama na kuita.

"Wifi, siku hizi shamba linapimwa kwa mdomo?"

Mvua zikafanya kama zilivyosemwa. Mahindi yakakauka yakiwa na mbelewele. Mtama ukavumilia, na ndege wakaja.

Nikashinda juu ya dungu, jukwaa la miti, nikivuta kamba ya makopo na kupiga kelele. Maneno ya kufukuza ndege huisha upesi. Nikaanza kuwapa habari za nyumbani: mtoto hajatuma salamu, chumvi imepanda bei. Shambani kwa jirani watoto walijibizana kwa kelele wakacheka. Zangu hazikujibiwa.

Siku moja sauti ikakauka kabisa. Nikatikisa makopo tu, ndege wakayazoea. Mchana jirani akaja mbio.

"Wifi! Nimesikia kimya nikajua umekufa!"

Nikamwonyesha koo.

"Basi shuka. Kufa hujafa, unanitoa jasho bure."

Akapanda yeye, akafukuza hadi jua likazama, akarudi kwa watoto wake. Kesho yake alikuwa na shamba lake, sikumlaumu. Upande wa mashariki ndege waliumaliza.

Baada ya mavuno bwana shamba alipita kuuliza. Nilimwambia ukweli: utabiri wake ulikuwa sahihi, na nilichopata kinatosha mtu mmoja. Alitaka kuondoka. Nikamwambia angoje kwanza, maji yanachemka jikoni, nasonga ugali wa watu wawili.